Mlango wa Nodi Usiokuwa na Bawabu

Mtu atakaye seva yake ipokee malipo ya ether, kisha asipende kutegemea nodi za watu, hana budi kuendesha nodi yake mwenyewe, na aghalabu huichagua Geth, programu ambayo tangu tarehe 15 Septemba 2022, Ethereum ilipoacha uchimbaji, haijitoshi tena, bali sharti iandamane na programu ya pili inayosimamia maafikiano ya mtandao. Hiyo ya pili tuiache. Linalotuhusu ni mlango 8545, ambao kwa huo seva hupeleka maswali ya JSON-RPC na kupokea majibu.

Asili yake mlango huu umefungwa, na mwenyewe akiufungua kwa amri ya --http, nodi husikiliza katika anwani 127.0.0.1 tu, yaani hasikiki illa aliyemo ndani ya mashine ile ile. Na kinga yote ndiyo hiyo, kwa kuwa mlangoni hakuna bawabu wa kumwuliza ajaye jina wala idhini. Nodi ya Bitcoin ina tabia nyingine: isipopewa neno la siri, hujiandikia faili ya .cookie kila iwashwapo, na asiyeweza kuisoma hajibiwi.

Balaa huanza kwa jambo dogo. Programu ya seva imo ndani ya kontena la Docker, nodi iko nje, na mwandishi ameandika 127.0.0.1 kama alivyofundishwa. Linalomrudia ni ECONNREFUSED, maana ndani ya kontena anwani hiyo ni ya kontena lenyewe, si ya mashine iliyolibeba. Usiku umekwenda, subira imemwishia, basi huiamuru nodi isikilize 0.0.0.0, yaani kila anwani ya mashine. Ombi hupita, naye hulala akidhani ametengeneza, kumbe pasipo ukuta wa ulinzi amewafungulia walimwengu. Wakfu wa Ethereum ulitahadharisha juu ya jambo hili tangu Agosti 2015, mtandao ukiwa na umri wa mwezi mmoja tu, kwani wakati huo akaunti iliyofunguliwa ndani ya nodi ya namna hiyo iliweza kukombwa na mtu aliye mbali.

Lililo salama ni kuitia nodi nayo katika kontena, yeye na programu ya seva wawe katika mtandao mmoja wa ndani, humo tu nodi isikilize 0.0.0.0, na mlango 8545 usitolewe nje kabisa. Hapo seva itaiita nodi kwa jina la kontena, na Geth itakataa kuitwa kwa jina isilolijua. Jina hilo liandikwe katika --http.vhosts.

Muunganisho ukisimama, majibu nayo yapimwe. Nodi ambayo bado inapakua blokicheni huweza kusema kwamba bloku ya mwisho ni 0x0, na seva isiyo na hadhari ikaamini kuwa hakuna aliyelipa. Heri kulinganisha saa ya bloku ya mwisho na saa ya seva, maadamu bloku hutarajiwa kila sekunde 12. Tena kiasi huja kwa wei, kipimo kidogo kabisa cha ether, katika hesabu ya msingi wa 16: ether 1 huandikwa 0xde0b6b3a7640000, ilhali namba za kawaida za JavaScript hupoteza uhakika zikipita 9,007,199,254,740,991, kiasi cha wei ambacho hakifiki hata sehemu moja ya mia ya ether. Hapo hutumika BigInt, na katika hifadhidata kiasi hicho kisiwekwe kama namba ya desimali inayoelea.