Je, wajua kwa nini programu hukuuliza swali lilelile kila ukiifungua?

Ukifungua VLC kwa mara ya kwanza kwenye Windows au Linux, kabla hujaona video yoyote, hutokea dirisha dogo linaloomba ruhusa: programu iruhusiwe kuingia intaneti kutafuta taarifa za nyimbo na picha za majalada yake? Unajibu, dirisha linaondoka, na kwa kawaida hulioni tena. Lakini zipo kompyuta ambazo dirisha la aina hii hurudi kesho na keshokutwa, iwe ni katika VLC, kivinjari au programu ya uhasibu. Programu inauliza lugha, inauliza jina, inakukaribisha upya kana kwamba hamjawahi kuonana. Wengi wakifikwa na jambo hili huamua kwamba programu imeharibika, wakaiondoa na kuisakinisha upya. Uamuzi huo mara nyingi ni wa makosa, na ushahidi uko mbele ya macho. Programu iliyofunguka vizuri, ikauliza swali lake sawasawa, ikapokea jibu na kuendelea na kazi, hiyo ni nzima. Kilichokwama ni kazi ndogo inayofuata jibu, yaani kuliandika mahali litakapokutwa tena.

Programu ikifungwa, yote iliyokuwa nayo kwenye RAM hutoweka. Ikifunguliwa tena huanza bila kujua lolote, na njia yake ya kujua kwamba wewe si mgeni ni kusoma kumbukumbu iliyoachwa kwenye diski. VLC huiweka katika faili liitwalo vlcrc, ndani ya folda ya AppData\Roaming\vlc kwenye Windows, au .config/vlc kwenye Linux. Ni maandishi matupu ambayo hata Notepad huyafungua. Miongoni mwa mistari yake kuna qt-privacy-ask: ukiwa na 1, programu iulize, ukiwa na 0, isiulize. Basi. Faili likikosekana au lisiposomeka, programu haina namna ya kumtofautisha mtu aliyeisakinisha leo na aliyeitumia miaka kumi, kwa hiyo hufuata thamani ya kuanzia, ambayo ni kuuliza. Na hivyo ndivyo inavyopaswa kufanya, maana kuuliza mara mbili ni heri kuliko kuchukua ruhusa ambayo haikutolewa.

Mahali pa kuweka kumbukumbu hizi pamebadilika mara kadhaa. Windows za mwanzo zilitumia mafaili yenye mwisho wa .ini, mwaka 1992 Windows 3.1 ikaja na Registry, na kuanzia Windows 95 hifadhi hiyo ikawa kitovu cha mipangilio. Kwenye Mac kuna folda ya Library/Preferences, ambayo Apple iliificha pamoja na Library yote ya mtumiaji katika toleo la Lion la mwaka 2011. AppData nayo hufichwa, na kwenye Linux jina likianza na nukta halionekani hovyo. Nia ya kuficha ilikuwa njema, watu wasifute wasichokijua. Hasara yake ni kwamba mtumiaji wa kawaida amebaki akiamini programu hukaa mahali pamoja, wakati kwa kweli imegawanyika: mwili wake uko folda moja, kumbukumbu zake ziko nyingine kabisa, chini ya akaunti ya mtu anayeitumia.

Mgawanyiko huo ndio unaoeleza sababu nyingi za maswali kurudi. Windows Vista ilianza kuzuia kwa ukali programu zisiandike ndani ya Program Files bila idhini ya msimamizi, na zile za zamani zilizozoea kuweka mipangilio kando ya mwili wao zikajikuta zinaandikia ukuta. Windows iliunda folda ya VirtualStore ili kuzisaidia, lakini si zote zilizosaidika. Mwaka 2017 Windows 10 ikaongezewa kinga dhidi ya virusi vinavyoteka mafaili. Mtu akiiwasha, programu isiyotambuliwa huzuiwa kuandika kwenye Documents, hata kama mipangilio yake ndiko inakokaa. Kwenye Mac, tangu Sierra ya mwaka 2016, programu iliyopakuliwa na kufunguliwa papo hapo bila kuhamishwa huweza kuendeshwa kutoka mahali pa muda pasipoandikika. Diski iliyojaa nayo hukataa maandishi mapya. Na katika maabara za shule zinazotumia programu kama Deep Freeze, kompyuta ikiwashwa upya diski hurudi kama ilivyogandishwa. Mwanafunzi akiulizwa lugha kila asubuhi, hapo hakuna kilichoharibika, ndivyo msimamizi alivyotaka.

Sababu inayotugusa zaidi sisi ambao umeme wetu hukatika bila taarifa ni kuzimika ghafla. Programu nyingi huandika mipangilio zinapofungwa, kwa hiyo kompyuta ikizimika kabla ya hapo jibu lako halikuandikwa popote. Hatari kubwa zaidi iko kwenye uandishi wenyewe. Njia rahisi ya kuandika upya faili ni kulifuta maandishi yote kisha kumimina mapya, na kati ya hatua hizo mbili kuna muda ambapo faili lipo lakini ni tupu. Mwanzoni mwa 2009 jambo hili lilizua mjadala mkali kati ya wajenzi wa Linux. Mfumo mpya wa mafaili, ext4, ulichelewesha kuandika data kwenye diski kwa muda unaoweza kukaribia dakika nzima, ilhali mtangulizi wake ext3 alizoea kuandika kila baada ya sekunde tano hivi. Watumiaji wa KDE, mazingira ya eneo-kazi ya Linux, ambao kompyuta zao ziliganda walirudi wakakuta mafaili yao ya mipangilio yana baiti sifuri, na mapambo yote ya miaka yamerudi kama siku ya kwanza. Theodore Ts'o, mjenzi mkuu wa ext4, alieleza kwamba programu ndizo zilizokosea, kwani hazikuuomba mfumo uhakikishe data imefika diskini. Hata hivyo alitengeneza marekebisho ya kupunguza madhara, yakaingia kwenye Linux 2.6.30. Naona alikuwa na haki katika yote mawili. Programu makini huandika faili jipya pembeni, huhakikisha limefika diskini, kisha hulipa jina la lile la zamani. Umeme ukikatika katikati, unabaki na la zamani zima au jipya zima.

Kwa hiyo kabla ya kuondoa chochote, lijaribu dai kwamba programu imeharibika. Badilisha kitu kingine kinachoonekana, kama rangi ya mandhari au ukubwa wa maandishi, ifunge programu kwa njia yake ya kawaida, kisha ifungue. Ikiwa nacho kimesahaulika, kumbukumbu nzima haiandikiki na unatafuta tatizo la ruhusa au la diski. Ikiwa kimekumbukwa lakini swali limerudi, tatizo ni finyu zaidi, pengine mstari mmoja ulioharibika. Kisha tazama saa ya mwisho ya faili la mipangilio kubadilishwa. Ikiwa ni ya wiki iliyopita ilhali umejibu leo, jibu halikufika. Mwisho fungua akaunti nyingine kwenye kompyuta hiyohiyo. Maswali yakikoma huko, mwili wa programu hauna hatia, maana akaunti zote mbili zinautumia huo huo.

Atakayepinga atasema: mbona watu husakinisha upya na tatizo likaisha? Ni kweli hutokea, na ipo aina moja ambayo kusakinisha au kukarabati ndiyo tiba halisi. Windows Installer, iliyokuja na Office 2000, ina tabia ya kukagua vipande muhimu programu inapofunguliwa na kurudisha kilichokosekana. Ukarabati huo usipokamilika, Word iliyosakinishwa kwa njia hiyo hufunguka kila siku na dirisha la kujipanga lenye mstari unaojongea. Lakini hilo halikuulizi lugha wala jina. Linakuambia linasakinisha, na Event Viewer huandika chini ya MsiInstaller kipande kinachokosekana. Nje ya hapo, kuondoa Firefox au LibreOffice kwa kawaida hakugusi folda ya mipangilio yako, kwa hiyo faili lililoharibika au ruhusa iliyokosekana hukungoja palepale.

Wengine hushauri kuendesha programu kama msimamizi. Ushauri huu naupinga kwa nguvu zaidi. Ukiwa na akaunti ya kawaida na ukaingiza nywila ya msimamizi, programu huendeshwa kwa jina lake yeye na majibu yako huhifadhiwa kwenye folda yake. Kwenye Linux ni vibaya zaidi: amri ya sudo huweza kuacha ndani ya folda yako mafaili yanayomilikiwa na root, yaani msimamizi, na ukirudi kufungua kama kawaida, huwezi tena kuyaandikia. Tatizo ambalo huenda halikuwapo sasa lipo. Na anayesema kubofya mara moja kila siku si shida kubwa, azingatie kwamba katika folda hiyohiyo ya mipangilio LibreOffice huweka kamusi ya maneno uliyoongeza na nakala za kuokoa kazi iliyokatizwa. Folda isiyoandikika haipotezi jibu la lugha peke yake.

Lawama inayobaki nawapa wanaoandika programu. Uandishi unapokataliwa, mfumo endeshi haukai kimya; Windows hurudisha kosa namba 5, Linux namba 13 kwa ruhusa na 28 kwa diski iliyojaa. Programu inapoipokea namba hiyo na kunyamaza, mtumiaji anabaki kubahatisha, ilhali sentensi moja ya kusema imeshindwa kuhifadhi mipangilio, na wapi, ingetosha. Kwa bahati, kwenye Windows makosa hayo yanaweza kuonekana kwa njia nyingine. Process Monitor, iliyotengenezwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell na kutoka mwaka 2006, hupatikana bure kwa Microsoft na huonyesha kila faili ambalo programu inajaribu kuligusa. Chuja kwa jina la programu yako, jibu swali linalorudi, funga, kisha tafuta mistari yenye ACCESS DENIED. Safu ya Path kwenye mstari huo inataja faili lenyewe, na ruhusa ya faili hilo ndiyo ya kukaguliwa kwanza.