Mgeni njoo, Garissa ipone

Siku hizi kuna baraza la namna mpya ambalo wasomaji wengi wa ukurasa huu hawajapata kuliona. Ni mkutano wa mafundi wa tovuti, yaani wale vijana wanaoketi mbele ya kompyuta wakiunda kurasa na programu ambazo sisi wengine twazitumia kulipa karo, kukata tikiti ya basi au kusoma habari. Mara nyingi mikutano hii huitishwa na mafundi wenyewe kwa kujitolea, na huhama kutoka mji hadi mji. Desturi yake moja imenipendeza kupita zote: hotuba zikiisha, wageni hutembezwa mji wakaujua.

Nimepata kuhudhuria mikutano ya namna hii Nairobi, mimi nikiwa msikilizaji tu. Katika mmojawapo kijana aliyetoka Garissa alisimama akauliza kwa nini ni wao tu wanaosafiri, na mkutano hausafiri kwenda kwao. Watu walicheka kidogo, kisha mazungumzo yakaendelea na mengine. Lakini swali lile halikujibiwa. Ndipo nilipopanda basi kwenda Garissa, nikaone kama mji ule waweza kupokea mkutano, na mgeni angeonyeshwa nini.

MAFUNDI WA KUJITOLEA

Ili msomaji aelewe jambo lenyewe, nitatoa mfano mmoja. Mwaka 2005 ilitolewa kwa umma programu iitwayo Django, itumiwayo kuundia tovuti. Haikuzaliwa katika maabara ya chuo kikuu, bali katika gazeti, Lawrence Journal-World la jimbo la Kansas, Marekani. Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakiunda tovuti za gazeti hilo, na kwa kuwa habari hazingoji mtu, walihitaji njia ya kuifanya kazi ya siku nyingi kwa muda mfupi. Walipoipata haikufungiwa kabatini. Iliachiwa dunia bure, ikapewa jina la Django Reinhardt, mpiga gitaa mashuhuri wa jazi. Tangu hapo mtu yeyote aweza kuichukua, kuitumia, kuirekebisha, na kuwarudishia wenzake marekebisho yake.

Watu wanaofanya kazi moja wakiwa wametawanyika duniani, hapana budi siku moja watake kuonana. Mkutano wa Django wa bara la Afrika ulifanyika Zanzibar Novemba 2023, na Agosti 2025 ukafanyika Arusha. Mwezi huo huo wa Agosti, Nairobi iliwapokea waandishi wa Wikipedia kutoka pande zote za dunia katika mkutano wao uitwao Wikimania. Mgeni wa Zanzibar hakosi kupotea katika vichochoro vya Mji Mkongwe, na wa Arusha hakosi kuutazama Mlima Meru.

Mpango wa mikutano hii hufanana. Miezi kadhaa kabla, hutolewa mwito kwamba mwenye la kusema alilete, na kamati huchagua. Hotuba huendelea kwa siku mbili tatu, na mara nyingi hufuatwa na siku ya kufanya kazi pamoja, ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aweza kuketi meza moja na bingwa ambaye kazi yake alikuwa akiisoma tu kwa mbali. Siku hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Kazi nyingi za mafundi hawa hupatikana kwa kujulikana, na asiyefika ni vigumu ajulikane. Ndiyo maana swali la yule kijana halikuwa la mzaha.

KUVUKA DARAJA

Kutoka Nairobi hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 360, kupitia Thika na Mwingi. Ukishaiacha Mwingi miti huzidi kuwa mifupi, ardhi hulala tambarare, na joto hupanda hadi abiria wakafungua madirisha yote. Ukifika Madogo umefika ukingoni mwa Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Daraja li mbele yako, na ng'ambo yake ndiko Garissa.

Njiani tulisimamishwa, tukashuka, kila mtu na kitambulisho mkononi. Kwa mgeni ni usumbufu wa dakika chache. Kwa mwenyeji ni historia. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifunga wilaya ya mpakani kaskazini, na mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Mwaka 1934 ikaongeza sheria nyingine ya kuwabana wenyeji. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta vilivyodumu hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki hadi 1991. Katikati ya hapo, mwaka 1980, mtaa wa Bulla Kartasi hapa Garissa ulichomwa moto, na wazee wanaokumbuka husema kwa sauti ya chini.

Hata katika miaka ya karibuni, kijana wa huku aliyeomba kitambulisho alipitishwa mbele ya kamati ya kumchuja, jambo ambalo mwenzake wa Nyeri hakulijua. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuuondoa mchujo huo. Nayaeleza haya kwa kuwa yanahusu mkutano wenyewe. Kijana asiye na kitambulisho hapandi basi kwenda Nairobi kwa amani, hasajili laini ya simu, wala hafungui akaunti ya kupokelea ujira wake. Hata awe hodari vipi wa kompyuta, mlango wa kwanza umefungwa.

SOKO LA NGAMIA NA SOKO LA GIZA

Mahali pa kwanza pa kumpeleka mgeni ni soko la mifugo, mojawapo ya masoko makubwa ya ng'ombe na ngamia katika Afrika Mashariki. Wanyama huja kutoka pande zote za kaunti, na wengine huvuka mpaka kutoka Somalia, kabla ya kupakiwa malori kwenda Nairobi na Mombasa. Vumbi ni jingi na kelele ni nyingi, lakini bei yenyewe huenda usiisikie. Kuna desturi ya kale ya masoko ya Wasomali ambapo wawili hushikana mikono chini ya kitambaa na kupatana kwa kubanana vidole, wengine wasijue.

Katikati yao yuko dalali, ambaye Wasomali humwita dilaal. Kazi yake si kutafuta mnunuzi tu. Yeye ndiye anayethibitisha kwamba mwuzaji anajulikana na mnyama si wa wizi. Likitokea lolote, ni yeye atakayeulizwa. Nilipomweleza mzee mmoja habari za mafundi wa tovuti, jinsi mtu wa Kansas anavyoipokea kazi ya mtu wa Arusha asiyemjua, aliniuliza swali moja tu.

"Nani anamdhamini?"

Nilimjibu kwamba hudhaminiwa na kazi zake za nyuma, zilizo wazi kwa wote kuzikagua, na na wale waliokwisha kufanya naye kazi.

"Basi ni soko kama letu," akasema, akarudi kwa ngamia wake.

Kutoka hapo mgeni apelekwe Soko Mugdi. Mugdi kwa Kisomali ni giza. Humo kuna vitambaa vya rangi zote, ubani, udi, hina na manukato, na wauzaji wengi ni akina mama. Mgeni anywe maziwa ya ngamia, ambayo huwa na harufu ya moshi kwa sababu chombo hufukizwa kabla ya kutiwa maziwa yasiharibike upesi. Ale anjera asubuhi na chai ya viungo, na mchana ale wali kwa nyama ya ngamia. Akitaka zawadi ya kupeleka nyumbani, achukue nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa, ikahifadhiwa katika samli. Ni chakula cha watu wa safari, hakihitaji jokofu.

NGAMIA WENYE VITABU

Jambo ambalo mafundi wa tovuti wangelipenda zaidi ni habari za maktaba ya ngamia. Oktoba 1996, shirika la maktaba la taifa lilianzisha huduma hiyo hapa Garissa kwa ngamia 3. Mahali gari lisipoweza kupita kwa mchanga, ngamia hupita. Mmoja alibeba masanduku ya vitabu, mwingine akabeba hema, na watoto wa shule za mbali wakaketi kivulini wakisoma na kuazima. Habari zake zilienea hata Mmarekani Masha Hamilton akaandika riwaya juu yake, iliyotoka mwaka 2007.

Waanzilishi wa maktaba ile hawakumlaumu mfugaji kwa kukaa mbali na mji. Waliupima mzigo wao kulingana na njia iliyopo. Fundi wa tovuti wa Nairobi, aliyezoea intaneti ya kasi, huunda kurasa nzito zinazomla mfugaji bando lake lote kabla hazijafunguka. Angeketi siku moja chini ya mti kilomita nyingi kutoka mnara wa simu, angejifunza kuunda kurasa nyepesi, zinazofanya kazi hata mawasiliano yakikatika.

Kuna na suala la majina. Kisomali kilianza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, na katika maandishi hayo herufi c na x zina sauti zao. Ali huandikwa Cali, na Hawa huandikwa Xaawa. Mtu mmoja aweza kuwa Cali katika cheti kimoja na Ali katika kingine, na kompyuta isiyofundishwa humwona kuwa watu wawili. Kwa mwenye jina, hilo laweza kumnyima karo au kazi. Mambo kama haya hayaonekani ukiwa Nairobi. Huonekana unapokuwa na wenye majina mezani.

CHUO NA KAMBI

Ukumbi wa mkutano si tatizo, maana Garissa ina chuo kikuu chake. Hapo Aprili 2, 2015 waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Nilipopita nje yake niliona wanafunzi wakitembea na vitabu kama wanafunzi wa kokote. Wageni wakija, wasipageuze mahali hapo kuwa pa kupiga picha. Waingie kama mtu aingiavyo nyumba iliyofiwa, kisha waketi wafanye kazi na walio hai.

Umbali wa kilomita mia hivi ni Dadaab, ambako kambi za wakimbizi zilianza mwaka 1991. Zilikusudiwa watu 90,000, na kufikia 2011 zilikuwa na zaidi ya 400,000. Huko Baraza la Wakimbizi la Norwe na Kituo cha Biashara cha Kimataifa wamewafundisha vijana kufanya kazi za kompyuta kwa wateja wa mbali, na vijana hao wakaunda ushirika wao uitwao Dadaab Collective. Kazi zao hufika ng'ambo, lakini wenyewe hawatoki kambini bila kibali. Mkutano ukiwa Garissa, kibali bado kitahitajika, ila safari ni ya saa chache badala ya siku nzima, na nauli ni ndogo.

TWIGA NA JUA

Mgeni asiondoke bila kwenda Bour-Algi, hifadhi ya twiga iliyo karibu na mji, inayotunzwa na wenyeji wenyewe. Mbali zaidi, upande wa Ijara, katika hifadhi ya Ishaqbini, walionekana twiga weupe mwaka 2017. Machi 2020 ilitangazwa kwamba wawili wameuawa na majangili, akabaki dume mmoja. Novemba mwaka huo alivishwa pembeni chombo cha kutoa ishara kila saa ili walinzi wajue alipo. Hifadhi hiyo pia ndiyo kimbilio la hirola, swala ambaye dunia nzima hawafiki hata 500 porini.

Na jua lile linalomchoma mgeni lina faida. Desemba 2019 ilizinduliwa Garissa stesheni ya umeme wa jua ya megawati 50.

LISILOPENDEZA

Sitamficha msomaji matatizo. Barabara za kuelekea mpakani zimeshuhudia mashambulizi, na serikali kadhaa za ng'ambo zimekuwa zikiwaonya raia wao wasifike kaunti hii. Mvua nazo huja kwa ghadhabu. Novemba 2023, mwezi ule ule Zanzibar ilipokuwa na wageni wake, mafuriko ya Tana yaliikata barabara karibu na Madogo na watu wakavushwa kwa mashua.

Kwa hiyo sisemi mkutano wa bara zima uje kesho. Nasema mkutano mdogo wa mafundi wa Kenya waweza kufanyika, nje ya misimu ya mvua na nje ya mwezi wa Ramadhani, watu hamsini au mia. Hotuba zitolewe kwa Kiswahili na Kisomali pia. Vibali vya vijana wa Dadaab viombwe mapema, na fedha ambazo zingelipia hoteli za Nairobi zilipie nauli za wanafunzi wa Wajir na Mandera. Mengine yamo mikononi mwa wenyeji, na wenyeji wa Garissa hawahitaji kufundishwa jinsi ya kupokea wageni.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka mingi mwenyeji huyu ametembelewa na wenye bunduki, wenye fomu na wenye magunia ya msaada. Ni haki yake naye atembelewe na watu wanaokuja kufanya naye kazi.