Kisangani, Mji wa Maporomoko: Majibu kwa Maswali ya Wengi



Mwulizeni mwanafunzi hodari habari za mji wa Philadelphia huko Marekani, naye huenda atajibu upesi kwamba ulianzishwa na William Penn mwaka 1682, na kwamba humo ndimo ulimotangazwa uhuru wa Marekani mwaka 1776. Kujua hayo ni vema. Lakini mwulizeni tena habari za Kisangani, mji mkubwa ulio mwisho wa barabara ipitayo hapa kwetu Beni. Je, atajua nani aliuanzisha? Atajua kwa nini umemwaga machozi mengi namna ile? Mtu asiyejua habari za jirani yake hawezi kumhurumia wala kujifunza kwake. Kwa sababu hiyo tumekusanya hapa maswali yaulizwayo mara kwa mara juu ya mji huo, pamoja na majibu yake.

*Kwa nini mji ulijengwa mahali pale?*

Sababu ni mto. Chombo kitokacho Kinshasa chaweza kupanda mto Kongo safari ya kilometa 1,700 na zaidi bila kizuizi cha maporomoko. Kifikapo Kisangani hakiwezi kuendelea, kwa maana hapo mto umefungwa na maporomoko saba, yaliyotawanyika katika mwendo wa kilometa 100 hivi. Juu ya maporomoko hayo mto waitwa Lualaba. Chini yake waitwa Kongo.

Basi kila mtu na kila mzigo ulilazimika kusimama pale, na mahali pa kusimama hugeuka soko, na soko hugeuka mji. Mwaka 1906 ilifunguliwa reli ya kilometa 125, kutoka ng'ambo ya kushoto ya mto hadi Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, ili mizigo ipite kando ya maporomoko.

*Nani aliyeuanzisha?*

Vitabu vingi hujibu: Stanley. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Stanley alipita pale mara ya kwanza mwezi wa Januari 1877, akitelemka mto pamoja na watu wake waliotoka Unguja. Hakukuta nchi tupu. Aliwakuta wavuvi, nao walimpinga kwa silaha. Tarehe 1 Desemba 1883 alirudi kwa amri ya Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji, akaweka kituo katika kisiwa kimoja, akamwacha hapo Mskoti mmoja, Andrew Binnie, pamoja na askari wachache. Kituo kile ndicho kilichoitwa Stanley Falls, na baadaye Stanleyville.

Lakini kabla ya kituo walikuwapo Wagenya. Watu hao husimika miti mikubwa kati ya miamba ya maporomoko, huifunga kwa kamba za mwituni, kisha hutelemsha migono yenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Maji yaendayo kwa nguvu humsukuma samaki ndani, naye hawezi kutoka tena. Kazi hiyo yataka moyo mkuu, kwa sababu atelezaye huchukuliwa na maji. Hata leo wangali wakiifanya.

Na huko Philadelphia mambo yalikuwa yayo hayo: kabla ya William Penn waliishi Walenape kando ya mto Delaware. Basi tuseme hivi: Stanley aliweka kituo, lakini watu walikuwapo.

*Tippu Tip alikuwa nani, naye alitawalaje?*

Jina lake halisi lilikuwa Hamed bin Muhammed, mzaliwa wa Unguja, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na wa watumwa. Watu wake walienea kutoka Manyema hadi maporomoko, na wengine walifika mbali zaidi. Mwaka 1887 Stanley aliwakuta watu wa Kilonga-Longa, mmoja wa wakubwa wa Manyema, katika msitu wa Ituri mahali paitwapo Ipoto. Kwa hiyo mkono ulioshika watu kule maporomoko ulikuwa umekwisha kukaribia nchi yetu ya Semuliki.

Sikilizeni sasa jambo la kushangaza. Mwaka 1886 mkuu wa kituo cha Stanley Falls alikuwa afisa Mwingereza, Walter Deane. Husimuliwa kwamba mwanamke mmoja mtumwa alimkimbia bwana wake akaomba hifadhi kituoni, naye Deane akakataa kumrudisha. Ugomvi uliokuwapo tangu zamani ukawaka moto. Mwezi wa Agosti kituo kilishambuliwa, baruti ikawaishia watu wake, nao wakakiacha na kukimbilia msituni.

Je, Mfalme Leopold alifanya nini? Mwaka uliofuata, 1887, huko Unguja, kwa mkono wa Stanley, alifanya mapatano na Tippu Tip, akamweka kuwa liwali wa maporomoko yale yale kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi. Mfalme aliyejisifu mbele ya Ulaya kwamba apigana na biashara ya watumwa alimwajiri mkubwa wa biashara hiyo. Tippu Tip baadaye alirudi Unguja, akafa huko mwaka 1905. Vita kati ya Dola la Leopold na Waarabu vilianza mwaka 1892, vikaisha mwaka 1894. Lakini wenyeji hawakupumzika, kwani baada ya mijeledi ya wawinda watumwa ilikuja mijeledi ya mpira. Aibu ile ilipojulikana duniani, Leopold alilazimika kuiachia Ubelgiji nchi hiyo mwaka 1908.

*Je, Kiswahili kilifikaje pale?*

Kilifika kwa njia hiyo hiyo ya uchungu. Walikileta watu wa pwani na watu wa Manyema waliofuatana nao. Lingala nayo ilipanda mto pamoja na askari na mabaharia wa meli za moshi. Lugha hizo mbili zilikutana Kisangani, na mpaka leo zote mbili zasikika sokoni. Lugha haina kosa la wale walioichukua. Waliokuwa watumwa waliifanya kuwa yao, wakaimbia watoto wao, wakasalia.

*Jina la Kisangani lina maana gani?*

Wenyeji hulieleza kuwa maana yake ni "kisiwani". Watu wa mahali pale walilitumia tangu zamani, hata siku zile mabarua yalipoandikwa Stanleyville. Mwaka 1966 serikali ililirudisha liwe jina rasmi. Basi jina hilo halikuwa geni, ila lilirudi nyumbani.

*Mji huo una uhusiano gani na Kanisa letu la Butembo-Beni?*

Uhusiano wa mama na mwana. Padri Gabriel Grison, wa shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu, alianzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na maporomoko siku ya Noeli mwaka 1897. Kutoka huko mapadri wa shirika hilo walifika Beni mwaka 1906. Mwaka 1929 Mapadri Waasumsioni walikuja kushika kazi, na mwaka 1934 nchi ya Beni ilitengwa na Vikarieti ya Stanley Falls ili isimame peke yake. Mwaka 1959 ikawa jimbo kamili.

*Kwa nini Lumumba hutajwa pamoja na mji huo?*

Patrice Lumumba alizaliwa Kasai, lakini Stanleyville ndiko alikokomaa. Alifika huko mwaka 1944, akafanya kazi ya karani wa posta, akasoma usiku, akaongoza vyama vya Waafrika. Mwezi wa Oktoba 1959 chama chake kilifanya mkutano mkubwa pale. Fujo zilitokea, watu waliuawa, naye akafungwa. Baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

*Ni nini kilichotokea mwaka 1964?*

Waasi walioitwa Simba waliuteka mji mwanzoni mwa mwezi wa Agosti. Wakongomani wengi, makarani na watu wenye elimu, waliuawa mbele ya mnara wa ukumbusho wa Lumumba. Wazungu mamia walishikwa mateka. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walitelemka kwa miavuli kutoka ndege za Marekani. Mateka wengi waliokolewa, lakini wengine walipigwa risasi njiani asubuhi ile ile. Mji ulipokombolewa, Wakongomani wengi wengine waliuawa kwa kulipiza kisasi, na vifo vyao havikuandikwa sana katika magazeti ya dunia. Siku chache baadaye, tarehe 1 Desemba, Sista Anuarite Nengapeta aliuawa huko Isiro. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

*Vita vya Siku Sita vilikuwa vita vya nani?*

Swali hili ndilo zito kuliko yote. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Yalikuwa yameingia Kongo mwaka 1998 kama marafiki, kisha yakagombea ukubwa na mali, hasa almasi. Yalirushiana makombora juu ya paa za watu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliofika baadaye ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomoka au kuharibiwa. Wazee wetu walisema kweli: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

*Je, wenyeji walipata haki?*

Sehemu yake. Tarehe 16 Juni 2000 Baraza la Usalama lilisema kwamba nchi zote mbili zapaswa kulipa fidia kwa ajili ya Kisangani. Kongo ilipeleka mashtaka mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye. Mwaka 2005 Mahakama iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria. Tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325 kwa mafungu matano ya mwaka, kwa ajili ya watu, mali na utajiri wa nchi uliochukuliwa katika Kongo. Fungu la kwanza, dola milioni 65, lililipwa mwaka huo huo. Kuhusu Rwanda, Mahakama ilisema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kuihukumu, kwa kuwa Rwanda haikukubali mamlaka yake katika neno hilo.

Yafaa tuelewe jambo moja. Fedha haimfufui mama aliyeuawa jikoni pake. Lakini hukumu ya hadhara ina thamani yake: yaliyotendeka yameandikwa, wala hawezi mtu kusema kesho kwamba hayakuwapo.

*Hali ya mji ni ipi siku hizi?*

Kisangani ni makao makuu ya Mkoa wa Tshopo tangu mwaka 2015, na watu wake wahesabiwa kupita milioni moja. Una tarafa sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga, ambayo i ng'ambo ya mto. Chuo Kikuu chake kilifunguliwa mwaka 1963.

Kutoka Beni hadi huko ni safari ya zaidi ya kilometa 700, kupitia Komanda, Mambasa, Epulu, Nia-Nia na Bafwasende. Ni njia ya biashara, lakini ni njia ya hatari pia. Tangu mwaka 2014 wauaji wamemwaga damu nyingi katika nchi ya Beni, kisha katika Ituri. Tarehe 27 Julai 2025 waliwaua watu zaidi ya 40 huko Komanda, na wengi wao walikuwa wamekusanyika kusali kanisani. Kwa hiyo tusemapo habari za Kisangani hatusemi habari za watu wa mbali. Maumivu yao na yetu yamo katika barabara moja.

*Basi, tujifunze nini?*

Twaona kwamba wakubwa wengi walipita Kisangani: Stanley, watu wa Leopold, Tippu Tip, na majeshi ya kila namna. Kila mmoja alidai kwamba mji ni wake, kila mmoja aliondoka. Waliobaki ni wavuvi, wachuuzi, walimu, mama wenye mizigo kichwani, ambao kila baada ya vita walizika wafu wao wakaezeka nyumba tena. Mji ni wao.

Ninyi wazazi na walimu, fanyeni hivyo hivyo hapa kwetu. Wafundisheni watoto majina na miaka ya mambo yaliyotupata Beni, Oicha, Lubero na Butembo, pamoja na majina ya waliokufa, ili wasihesabiwe tu kama namba. Wazee wangalipo, waulizeni, mkaandike katika daftari, siku na mahali. Huko La Haye neno la Kisangani lilisikilizwa kwa sababu walikuwapo watu waliohesabu wafu na nyumba, wakaandika. Nanyi wanafunzi, jifunzeni habari za Philadelphia na za miji yote ya dunia, maana elimu haina mpaka. Lakini anzeni na miji yenu.