Mgodi Ulioachwa Hulindwa na Nani?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Nyumbani kwetu Levolosi, katika mji wa Arusha, kuna kopo la majani ya chai ambamo bibi yangu ameweka vitu vya marehemu babu. Ndani yake mna miwani, kitambulisho cha kazi kilichofutika maandishi, na kiko kimoja chenye rangi ya asali. Babu hakuwa mvutaji. Alikuwa nacho kiko hicho kwa sababu alipokuwa kijana alifanya kazi katika kiwanda cha viko hapa hapa Arusha, akipanga mali katika makasha ya kupelekwa ng'ambo.

Mara nyingi alituambia, "Makasha yetu, wajukuu zangu, yalikuwa yakienda mpaka Laksi." Sisi tulicheka mpaka machozi, maana Laksi tuliyoijua ni sabuni ya kuogea. Tulidhani uzee umemchanganyia mambo. Naye hakukasirika, alitikisa kichwa tu. Babu alifariki nilipokuwa Kidato cha Pili. Mwaka huu ndipo nilipojua kwamba alikuwa akisema kweli, na jambo hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nataka kueleza jinsi watu wa kujitolea wanavyotunza migodi iliyoachwa, na kwa nini kazi hiyo yatuhusu sisi wa Arusha.

Kwanza yafaa tujue kiko kile kilitengenezwa kwa kitu gani. Jiwe lake huitwa mishamu. Jina hilo limetokana na maneno mawili ya Kijerumani yenye maana ya povu la bahari, kwa kuwa jiwe lenyewe ni jepesi, na vipande vyake vikavu vyaweza kuelea juu ya maji. Kwa asili ni namna ya udongo wenye magnesiamu na silika. Likitoka ardhini lingali na unyevu huwa laini, waweza kulikata kwa kisu kama sabuni ya mche, likikauka hukaza. Ndani yake mna vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo hunywa unyevu na lami ya tumbaku, tena haliungui kwa moto wa kiko. Ndiyo maana mafundi wa Ulaya walilipenda tangu zamani, wakaliagiza hasa kutoka Eskişehir katika nchi ya Uturuki. Sote twajua leo kwamba tumbaku hudhuru mapafu, wala simshawishi mtu kuvuta. Ninalosifu hapa ni ufundi, si moshi.

Je, mishamu ilipatikanaje kwetu? Maelfu mengi ya miaka iliyopita bonde la Amboseli lilikuwa na ziwa kubwa. Ziwa lilipokauka liliacha matabaka ya chokaa na udongo, na katika nyufa na matundu ya matabaka hayo ndimo ilimofanyika mishamu. Upande wa Tanzania wa bonde hilo ni Sinya, katika wilaya ya Longido, kwenye tambarare iliyo kati ya mlima Longido na mlima Kilimanjaro, ukingoni mwa mpaka wa Kenya. Katika miaka ya 1950 kampuni iitwayo Tanganyika Meerschaum Corporation ilianza kuchimba huko, na kazi ya kuchonga viko ikafanyika Arusha. Vingine vilivikwa ngozi kwa nje. Viliuzwa ng'ambo kwa jina la Kiko, neno letu lile lile, hata mvutaji wa London asiyejua kusalimu kwa Kiswahili alikuwa na neno moja la Kiswahili mkononi mwake kila jioni.

Kazi hiyo ilikwisha. Kiwanda hakipo tena na machimbo ya kampuni yaliachwa. Wanafunzi wenzangu wengi wa hapa Arusha, nilipowauliza, hawakupata kusikia habari zake hata siku moja.

Basi, katika muhula wa kwanza mwalimu wetu wa historia alitufundisha habari za mapinduzi ya viwanda. Akaandika majina ya migodi ya kale kwenye vikaratasi, akavikunja, kila mmoja wetu akaokota kimoja ili akaandike kurasa mbili. Mimi niliokota Laxey.

Laxey ni kijiji katika kisiwa cha Man, kilicho baharini kati ya Uingereza na Ayalandi. Watu wake walichimba risasi, zinki na shaba, na katika risasi hiyo mlikuwa na fedha. Mgodi ulikwenda chini zaidi ya futi 2,000, na adui yao mkubwa alikuwa maji. Kwa kuwa kisiwa hakina makaa ya mawe, hawakutaka kutegemea mashine za mvuke kuyavuta maji hayo. Badala yake walijenga gurudumu kubwa lizungushwalo na maji ya vijito vya mlimani, likaanza kazi mwaka 1854. Upana wake kutoka ukingo hadi ukingo ni zaidi ya futi 72, yaani kimo cha nyumba ya ghorofa sita au saba. Maji yalitumika kuondoa maji! Mgodi ulifungwa mwaka 1929.

Nikaendelea kusoma ili nijue kijiji kiliishije baada ya hapo. Ndipo nilipokuta kwamba karibu na mwaka 1970 kulianzishwa huko kampuni iitwayo Laxey Pipes, iliyotengeneza viko kwa mishamu iliyotoka bonde la Amboseli. Niliweka kalamu chini. Laksi ya babu haikuwa sabuni. Babu alikuwa amelitamka jina la kijiji vizuri kuliko nilivyolitamka mimi darasani.

Tangu siku hiyo nilitaka kujua: Laxey ilifungwa mapema kuliko Sinya, mbona habari zake ziko wazi, na za Sinya hazijulikani hata na jirani? Jibu nililolipata ni kwamba Laxey walikuwako watu waliokataa kuuacha mgodi upotee. Baada ya kufungwa, vyuma vingi viliuzwa. Vichwa viwili vidogo vya gari-moshi vilivyovuta mawe kutoka chini, vilivyoitwa Sisimizi na Nyuki kwa lugha yao, vilivunjwa vikawa vyuma chakavu. Lile gurudumu kubwa nalo lingevunjwa, lakini mjenzi mmoja wa kisiwani, Edwin Kneale, akajitwika mzigo wa kulitengeneza na kulionyesha kwa wageni. Mwaka 1965 serikali ya kisiwa ikalinunua.

Wengine wakafuata. Wenyeji wa kijiji walifukua njia ya reli iliyofunikwa na udongo, wakatandika reli upya, wakaagiza vichwa vipya viwili vya mfano wa Sisimizi na Nyuki, na mwaka 2004 reli ikafunguliwa. Waiendeshao ni watu wa kujitolea, hawalipwi mshahara. Kikundi kingine kilirudisha kisiwani gurudumu la mgodi wa jirani, lililokuwa limeuzwa Cornwall zaidi ya miaka 90 nyuma, nalo lilizunguka tena mwaka 2006.

Sasa nieleze kazi yenyewe huwaje. Nilidhani kutunza mgodi ni kuingia ndani na taa na kutafuta mali. La, sivyo.

Jambo la kwanza ni ruhusa. Hakuna mgodi usio na mwenyewe. Hapa kwetu madini ni mali ya taifa, na ardhi ina kijiji au mtu aliyekabidhiwa. Kikundi kisichopiga hodi huhesabiwa kuwa wezi hata kikiwa na nia njema.

Jambo la pili ni hatari. Mgodi ulioachwa huua. Miti iliyoshikilia dari huoza, na maji hujaza shimo yakaonekana kama dimbwi la kawaida. Hewa mbaya hutuama chini bila harufu, na mtu huanguka kabla hajajua kuna nini. Kwa hiyo watunzaji huanza kwa kuzungushia ua, kufunika midomo ya mashimo, na kuweka vibao vya onyo. Wazazi wanaosoma makala haya wasiwe na wasiwasi: mimi sijaingia katika shimo lolote, wala sitaingia.

Jambo la tatu ndilo kubwa, nalo ni daftari. Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Watunzaji hupima majengo, huchora ramani, hupiga picha kila kitu kilivyo kabla ya kukigusa, na hukusanya barua, hesabu za mishahara na vyombo vya kazi. Kila kitu hupewa namba na karatasi yenye maelezo: ni nini, kimeokotwa wapi, na nani, lini. Zaidi ya hayo huwaendea wazee waliofanya kazi na kuandika maneno yao. Chuma chaweza kungoja miaka mingine 50, lakini mzee hawezi.

Jambo la nne ni kuzuia uharibifu: kuziba paa livujalo, kung'oa miti iliyootea ukutani, kupaka mafuta chuma kisile kutu. Mtunzaji mwema hapendi kukifanya kitu cha kale kionekane kipya; hukifanya kisiendelee kuharibika. Mwisho wa yote ni kuwakaribisha wageni, ili viingilio vyao vilipie mafuta na mabati.

Pengine msomaji atauliza, je, hii si kazi ya serikali? Ni kweli tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Lakini sheria hiyo huyalinda kwa umri wake majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886. Yaliyojengwa baadaye hulindwa Waziri akiyatangaza kuwa yana thamani ya kihistoria. Mgodi wa miaka ya 1950 ni mchanga mno kulindwa na umri, tena ni mkuukuu mno kuwa na faida kwa mfanyabiashara. Hapo katikati ndipo vitu vinapopotea, na hapo ndipo mtu wa kujitolea ana kazi. Maana Waziri atatangazaje kitu ambacho hakuna aliyeandika habari zake?

Sina reli ya kutandika wala gurudumu la kuinua. Sinya kwenyewe sijafika bado. Lakini daftari ninalo. Katika likizo iliyopita nilinunua moja la kurasa 96, nikaanza kuuliza mtaa kwa mtaa, Levolosi na Kaloleni, ni nani aliyepata kufanya kazi ya viko. Nilipata watatu.

Wa kwanza, mzee mmoja, alinifukuza akidhani nimetumwa na watu wa kodi. Siku ya pili nilikwenda na bibi, na mzee yule alipomwona alimwita "shemeji" akatuletea viti. Wa pili alikuwa dereva aliyebeba mawe kutoka Sinya. Alisema kwamba lori lake lilikuwa la kijani. Yule wa kwanza akashikilia kuwa lilikuwa jekundu. Niliandika yote mawili, na jina la aliyesema, na tarehe, kwa kuwa mwalimu alinionya kwamba kazi ya mwandishi si kuchagua jibu linalopendeza. Wa tatu ni mama mmoja, naye ndiye aliyenifundisha mengi. Kazi yake ilikuwa kung'arisha. Alinionyesha kwa mikono mitupu jinsi kiko kilivyosuguliwa kwa msasa mkavu, kikatiwa katika nta ya moto, kikafutwa kwa kitambaa mpaka kikatoa uso. Nilimtolea kiko cha babu. Alikigeuza mara mbili, akasema, "Hiki kilipita nta mara moja tu. Angeniletea mimi." Halafu akaniuliza babu yangu hajambo. Nikamwambia.

Siku ile nilijuta sana. Babu alikaa nasi miaka mingi na habari hizi zote, nami nilikuwa na daftari na kalamu mkononi, nikiandika kazi za nyumbani karibu na kiti chake.

Kabla ya kurudi shuleni nilikata karatasi ndogo, nikaandika: "Kiko cha mishamu ya Sinya. Kilitengenezwa Arusha. Mwenyewe alikuwa mpangaji wa makasha yaliyokwenda Laxey, kisiwa cha Man." Bibi hakujua kusoma maneno hayo, akaniomba nimsomee. Nilipofika kwenye neno Laxey alinisimamisha, akasema, "Si nilikwambia si sabuni?" Kisha akaifunga karatasi pamoja na kiko kwa uzi, akairudisha katika kopo.

Mwalimu wetu wa historia amekubali daftari langu liwekwe katika maktaba ya shule, na wenzangu wanne wa Kidato cha Tatu wameahidi kuliendeleza nitakapokuwa nimemaliza. Ikiwa mzazi yeyote au jirani yake alifanya kazi Sinya au katika kiwanda cha viko, tafadhali atupe habari kupitia kwa Mwalimu Mkuu. Kama ana picha, atuazime tuinakili, nasi tutairudisha. Na wenzangu mnaotoka mikoa mingine msikae mkidhani jambo hili ni la Arusha peke yake. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huko Singida, ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kutengeneza Tabora zile sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Bila shaka wako huko wajukuu wa wachimbaji.

Likizo yaja. Kila mmoja wetu amwulize mzee wa kwao alifanya kazi gani ujanani. Na akilisikia neno la kuchekesha, aliandike kwanza, ndipo acheke.