Wizi, Unyang'anyi na Uvunjaji wa Nyumba

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowatatiza wafasiri ni 'theft', 'robbery' na 'burglary'. Katika mazungumzo ya kawaida yote matatu huitwa wizi, na mtendaji wake ni mwizi tu. Mahakamani hayalingani hata kidogo. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Kwa hiyo kosa la mfasiri laweza kumgusa mshtakiwa moja kwa moja.

(a) 'Theft' ni wizi: kuchukua mali ya mtu kwa hila, bila haki. Aliyeiondoa redio barazani mwenyewe akiwa amelala ameiba.

(b) 'Robbery' ni unyang'anyi, yaani wizi ulioambatana na nguvu au vitisho ili mali ipatikane au isirudishwe. Yafaa kuangalia wakati. Iwapo mwenye redio ataamka na kumfukuza mwizi, naye mwizi akamtishia kwa panga ili asiiachie, wizi umegeuka unyang'anyi, ingawa nguvu ilikuja baada ya kuchukua. Nchini Tanzania adhabu ya unyang'anyi wa kutumia silaha ni kifungo kisichopungua miaka 30. Basi kuandika 'mwizi mwenye panga' hakutoshi.

(c) 'Burglary' ndilo neno gumu zaidi. Aghalabu hufasiriwa 'wizi wa usiku', na tafsiri hiyo ina kasoro, kwani si lazima kitu kiibwe. Katika Kanuni za Adhabu za Tanzania na Kenya, zote zenye asili ya mwaka 1930, kosa hili ni kuvunja na kuingia katika makazi ya watu usiku kwa nia ya kutenda kosa humo. Aliyeingia ili kujeruhi, asiguse hata kijiko, amelitenda. Likitendwa mchana, huitwa 'housebreaking', na adhabu yake ni ndogo zaidi. Tena, 'kuvunja' hapa si kuharibu: kusukuma mlango uliofungwa ukafunguka kwatosha.

Huko Uingereza mambo ni mengine. Sheria ya Wizi ya mwaka 1968 iliondoa sharti la usiku na la kuvunja. Linalotakiwa sasa ni kuingia jengoni bila idhini, pamoja na nia au tendo la uhalifu lililotajwa na sheria hiyo. Hivyo neno moja la Kiingereza lina maana mbili kwa kutegemea nchi.

Kwa sababu hizo tunapendekeza 'wizi' kwa 'theft'. 'Unyang'anyi' kwa 'robbery'. 'Uvunjaji wa nyumba' kwa 'housebreaking'. Na 'uvunjaji wa nyumba usiku' kwa 'burglary' ya sheria zetu. Ile ya Uingereza ielezwe kuwa 'kuingia jengoni kwa uhalifu'. Neno 'ujambazi' libaki katika magazeti na mazungumzo, kwani halionyeshi ni kosa lipi hasa.

Mfasiri asiulize kamusi peke yake. Hana budi kwanza kuuliza: ni sheria ya nchi gani, na kosa hilo linakamilika kwa mambo yapi?