Kabla hujamwita kijana wa flashi

Kila mhasibu anayechoka na kodi ya pango na kuamua kurudisha funguo za ofisi yake ndogo hapa Same ili afanyie kazi nyumbani huja na swali lile lile: "Kaka, niweke programu gani?" Kabla sijajibu, sauti inashuka. "Kuna kijana pale stendi anayo nzuri kwenye flashi. Bei poa, anaiweka na kuikraki hapo hapo." Nimechoka kulijibu barabarani, mtu mmoja mmoja.

Mtazame kijana huyo akiwa kazini. Kitu cha kwanza anachofanya ni kuzima kinga ya virusi. Ukimuuliza sababu, atakwambia "inasumbua." Inasumbua kwa sababu imeona anachotaka kuingiza. Halafu anabofya kifaili kidogo cha kuidanganya programu iamini kwamba imelipiwa. Aliyekiandika kifaili hicho humjui, na kijana mwenyewe hamjui, ila sasa kina ruhusa zote za kompyuta yenye nywila zako za mfumo wa TRA, orodha za mishahara na namba za NIDA za wafanyakazi wa wateja wako. Ukimaliza kumlipa, anakuachia onyo la mwisho: "Usiruhusu iapdeti, itajifunga."

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikiwemo, na kudai fidia. Microsoft walikuwa wametoa dawa yake tangu Machi mwaka ule ule. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimesasishwa, na wewe unalipa hela ili yako isisasishwe kabisa. Kuna na hasara isiyopiga kelele. Julai 2023 tozo ya SDL ilishuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Programu ya mishahara iliyogandishwa kabla ya hapo haina habari; itaendelea kukokotoa 4 mpaka mteja mwenyewe ashtuke.

Sheria nayo ipo. Kutumia programu ya wizi kunagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume iliyoundwa na sheria hiyo na azilinde. Sijaona kifungu kinachosema "isipokuwa kama ni kijana wa stendi ndiye aliyeiweka."

Hata ukinunua programu halali, bado swali lako limekosea mahali. Ofisi ya uhasibu hapa kwetu imesimama juu ya karatasi. Mkulima wa tangawizi anashuka kutoka Mamba, mwenye mpunga anatoka Ndungu, mwenye lori la jasi anatoka Makanya, na kila mmoja ana mfuko wake wa risiti. Risiti ya EFD huchapwa kwa joto, kwenye karatasi inayobadilika rangi kwa joto. Iache kwenye dashibodi ya Fuso chini ya jua la Same uone: upande mmoja umekuwa mweusi, mwingine umepauka, nawe unaielekeza dirishani, ukiigeuza huku na huku, kutafuta namba ya uhakiki. Wapo wanaozipeleka steshenari kuzilaminisha, eti zidumu. Mashine ya kulaminisha ni joto tupu. Risiti inatoka nyeusi ti, imehifadhiwa vizuri kabisa. Na sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5.

Tena usidhani mteja wa huku atanyamaza ukimwambia "kompyuta ndiyo iliyosema." Mwaka 1945 Wapare kwa maelfu walishuka hadi Same, makao makuu ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kiwango chake bila kuelezwa kilipatikanaje. Wajukuu zao watakuuliza karatasi.

Sasa ya kufanya, haraka haraka maana nafasi inaisha. Tenga chumba chenye mlango na kufuli. Sebule ambayo shemeji anaingia bila hodi haifai kuwekwa mishahara ya watu. Chagua siku moja ya wiki ya kupokea karatasi mjini, hata kwa kuazima meza, na uwe na daftari la mapokezi: nani kaleta nini, mmesaini wote wawili. Risiti ipigwe picha siku hiyo hiyo kwa programu ya simu ya kuskani, na faili lipewe jina lenye tarehe, mteja na kiasi. Usizipokelee kwenye kundi la WhatsApp, zitapotelea kati ya michango ya harusi na matangazo ya misiba. Mteja binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hulipa kodi kwa kufuata mauzo. Excel inamtosha, usimbebeshe gharama. Wakubwa zaidi, kodisha programu ya mtandaoni kwa mwezi na gharama uiweke kwenye ada. Kazi ya mteja usiichapishe kwenye kompyuta ya steshenari. Uwe na laini za mitandao miwili, na kompyuta mpakato yenye betri nzima kwa siku umeme ukikatika. Waarifu TRA, halmashauri na NBAA kwamba umehama. PAYE na SDL mwisho tarehe 7, VAT tarehe 20. Ukiwa nyumbani jiwekee siku tatu kabla, kwa sababu mtandao hauna habari na tarehe zako.

Nakala ziwe mbili nje ya kompyuta: moja mtandaoni, nyingine kwenye diski inayochomolewa na kufungiwa kabatini. Na kila mwezi jaribu kuifungua hiyo ya kabatini kwenye kompyuta ya mtu mwingine unayemwamini, mbele yako, kisha ufute. Isipofunguka, huna nakala.