Umstead: Msitu Wenye Milango Miwili

Anayekwenda hifadhi ya jimbo ya William B. Umstead, kati ya Raleigh na Durham huko North Carolina, huchagua mlango kabla hajatoka nyumbani: ama wa barabara ya Glenwood, upande wa ziwa Big Lake, ama wa barabara ya Harrison, upande wa Reedy Creek. Ndani ya msitu gari haliwezi kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Mpasuko huo una historia. Mwaka 1950 jimbo lilimega zaidi ya ekari 1,000 za hifadhi hiyo, zikawa hifadhi ya watu weusi peke yao. Pande hizo mbili hazikuunganishwa na kufunguliwa kwa kila mtu hadi mwaka 1966. Kwa hiyo sisi tuliohamia hapa kutoka Afrika tunapoambiana kwamba kutembea msituni ni mambo ya Wazungu, tunaukubali kwa hiari mpaka ambao wenzetu weusi wa hapa waliwekewa kwa nguvu. Kuingia ni bure, na kodi tunazolipa hapa ni sehemu ya fedha zinazoutunza msitu huu.

Wapo wanaouliza, na swali lao ni la haki, msitu usioruhusu kuokota kuni wala kuchuma dawa una faida gani. Jibu limo ardhini. Hapa palikuwa mashamba. Pamba ilipandwa msimu baada ya msimu hadi udongo ukachoka na mvua ikauchukua. Mwaka 1934 serikali ilianza kununua takriban ekari 5,000 za ardhi hiyo, vijana wasio na ajira wakapewa kazi ya kuitengeneza, na mwaka 1943 jimbo likauziwa yote kwa dola moja. Mkulima wa kwetu analijua jambo hili kwa jina lake: shamba limepumzishwa. Misonobari na mialoni tunayoiona leo ni matunda ya mapumziko hayo, na katazo la kuchuma ndilo linaloyaendeleza.

Pingamizi zito zaidi ni la waliotoka Kongo na Burundi, ambao kwao msitu ni mahali walipojificha kutokana na risasi. Hao wasisukumwe. Waanzie kwenye meza za kulia chakula na meko ya kuchomea nyama, penye watu na watoto, na vichochoro vya miti wavifikie siku watakayotaka wenyewe. Hofu nyingine zina dawa rahisi: kupe wapo, basi vaa suruali ndefu na ukague watoto mkirudi, kuogelea ziwani hakuruhusiwi, mwenye miaka 16 au zaidi akate leseni kabla ya kutupa ndoana. Na ingawa magari bado yametenganishwa, njia za miguu zinavuka: ukiingia kwa mlango wa Harrison, upande uliokuwa wa weusi, unaweza kutembea hadi Big Lake.